Mashine Iliyokatazwa Kuua

Leo nazungumzia filamu, na naanza na amri moja iliyomo ndani yake. Ni usiku, mjini Los Angeles, kwenye maegesho ya magari. Mtoto wa miaka kumi ameurukia mkono wa jitu la chuma lililovikwa nyama na ngozi ya binadamu. Jitu limemwelekezea kijana mmoja bastola, na kama si mtoto kuuvamia ule mkono, kijana yule angekuwa maiti. Risasi inakwenda pembeni. Mtoto anahamaki: huwezi kwenda ukiua watu ovyo! Jitu linauliza: kwa nini? Mtoto anatafuta jibu, halioni. Anarudia tu kwamba haifai, basi, niamini. Na jitu linaishika ile amri.

Filamu hiyo ni Terminator 2: Judgment Day, ya mwongozaji James Cameron, iliyoingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 3 Julai 1991. Wengi tumeiona, na wengi tumeiona kama picha ya mapigano: lori linaruka kutoka darajani, pikipiki inakimbia mbele yake kwenye mfereji mkavu, helikopta inapita chini ya daraja. Vyote hivyo vimo, na vimefanywa kwa ustadi wa hali ya juu. Lakini ninavyoiona mimi, filamu nzima imejengwa juu ya swali moja: uamuzi wa kuutoa uhai wa mtu ukae mikononi mwa nani? Cameron na mwandishi mwenzake William Wisher wamelipitisha swali hilo katika kila tukio kubwa, na leo swali lenyewe limekuwa zito kuliko siku ile filamu ilipotoka.

Kwa faida ya wasioijua, nirudi nyuma kidogo. Filamu ya kwanza ilitoka Oktoba 1984 kwa bajeti ndogo ya takriban dola milioni 6.4. Cameron alikuwa bado hajulikani. Wazo lilimjia akiwa mjini Rome, mgonjwa wa homa: aliota kiunzi cha mifupa ya chuma kikijikokota kutoka motoni. Haki za hadithi alimuuzia mtayarishaji Gale Anne Hurd kwa dola moja tu, kwa makubaliano kwamba yeye mwenyewe ndiye ataiongoza. Hadithi ni hii. Siku za usoni, kompyuta ya kijeshi iitwayo Skynet imejitambua na kuwasha vita vya nyuklia. Watu waliosalia wanapigana nayo wakiongozwa na John Connor. Skynet ilipoona inashindwa, ilimtuma muuaji arudi nyuma katika wakati akamuue mama yake John kabla hajamzaa. Muuaji huyo ni Arnold Schwarzenegger. Anafungua kitabu cha simu, anatafuta kila mwanamke aitwaye Sarah Connor, na anawaua mmoja mmoja kwa mpangilio wa kitabu. Haulizi lolote, hachoki, hamhurumii mtu.

Sehemu ya pili inamrudisha Arnold na mwili uleule, koti la ngozi na miwani myeusi. Safari hii ametumwa na binadamu. John wa siku za usoni aliikamata mashine ya aina ileile, akaibadilishia maagizo, akairudisha mwaka 1995 imlinde John mdogo. Nguvu ni zilezile, chuma ni kilekile, na ujuzi wa kuua haujapungua hata chembe. Kilichobadilika ni mwenye kuiamuru.

Waliokulia kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala wanakumbuka jinsi mtu alivyokuwa akiingia picha ikiwa imeshaanza na kumnong'oneza jirani: stelingi nani hapa, na adui nani? Mafundi wa kutafsiri filamu kwa mdomo, kama Lufufu wa Dar es Salaam, walijua kwamba jambo la kwanza mtazamaji analotaka kutatuliwa ni hilo. Sasa tazama Cameron anavyowaweka watu roho juu. Wageni wawili wanatokea usiku, uchi, kutoka siku za usoni. Mmoja ni pande la mtu linaloingia kwenye baa ya waendesha pikipiki na kuwavunjavunja watu ili lipate nguo. Mwingine ni mwembamba, ana adabu, amevaa sare ya polisi, na anapogonga mlango wa watu anasema tafadhali na asante. Aliyeiona filamu ya kwanza anadhani anajua mkatili ni yupi. Kisha wote wawili wanamkuta John katika ujia mwembamba wa jumba la maduka, Arnold anachomoa shotigani kutoka kwenye boksi la maua ya waridi, na anampigia kelele mtoto alale chini. Risasi zinampita John juu ya kichwa na kumpata polisi. Majeraha ya polisi yanametameta kama zebaki, halafu yanajifunga.

Mashine ile ya pili inaitwa T-1000, imeigizwa na Robert Patrick, na kuivika sare ya polisi wa Los Angeles ulikuwa uamuzi wa kishujaa. Gari lake limeandikwa kaulimbiu ya polisi hao, kulinda na kutumikia. Machi 1991, miezi minne kabla filamu haijatoka, polisi wa mji huohuo walirekodiwa kwenye video wakimpiga Rodney King kwa virungu akiwa chini, na dunia nzima ikaona. Filamu ilikuwa imeshaandikwa, kwa hiyo haikuiga tukio lile. Lakini watazamaji waliingia ukumbini picha ile ikiwa bado machoni mwao, na humo wakakutana na sare inayofunguliwa kila mlango bila kuulizwa. T-1000 anapata karibu kila anachotaka kwa sababu watu wameshazoea kutii nguo aliyovaa. Wazazi wa kulea wa John wanamkaribisha, wanamjibu maswali, wanampa picha ya mtoto. Hakuna aliyejiuliza nani kamtuma.

Nirudi kwenye ile amri. Kabla ya kumwokoa mama yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili, John anamwapisha Arnold. Anamwambia anyanyue mkono, na Arnold anaapa kwamba hatamuua mtu. Wanafika getini, mlinzi anatoka, na Arnold anamtwanga risasi za miguu. John anapiga yowe. Arnold anamtazama mlinzi anavyogaagaa, kisha anatoa taarifa kwamba ataishi. Ukumbi hucheka hapo, na mimi pia nimecheka. Hata hivyo angalia kilichotokea: mashine imeielewa amri kwa mpaka wake wa nje kabisa. Imekatazwa kuua, haikukatazwa kuumiza. Kuanzia hapo hadi mwisho wa filamu Arnold haui binadamu hata mmoja. Anaposimama dirishani na bunduki ya mitutu inayozunguka na kuyachanachana magari ya polisi, macho yake ya kompyuta yanahesabu waliokufa, na hesabu inaandika sifuri.

Mtoto amemfundisha hivyo, na mtoto hakuwa na hoja. Hilo linanigusa kila ninapoitazama upya. Tungetarajia mwandishi ampe John hotuba ya thamani ya uhai, na mashine ishawishike. Hampi. Usiue, kwa sababu haifai. Nadhani Cameron alielewa kwamba katazo la kuua halikuja kwetu kama jibu la hesabu. Tulilikuta limeshakuwapo kabla hatujazaliwa, tukakatazwa na waliotulea, na wengi wetu tulilishika kabla ya kulifahamu.

Sarah, mama yake, anakwenda upande wa pili. Linda Hamilton, aliyemwigiza, alifundishwa na komando wa zamani wa Israel, akajifunza silaha, akajifunza hata kufungua kufuli kwa waya, na mwili aliokuja nao mbele ya kamera uliwashtua waliomkumbuka kama mhudumu wa mgahawa wa filamu ya kwanza. Tunamkuta kwenye chumba cha hospitali akijivuta juu ya fremu ya kitanda. Amefungiwa kwa kuwa anawaambia watu dunia itateketea tarehe 29 Agosti 1997, na hakuna anayemsadiki. Wakishamtoa, ndani ya gari, anamvuta mwanawe na kumpapasa mwili mzima. Mtoto anadhani amekumbatiwa. Mama anakagua majeraha. Halafu anamfokea: hukupaswa kuja kunitafuta, uhai wako ni muhimu mno. Machozi yanamlengalenga John, na anayeyaona na kuyauliza ni Arnold.

Kwa hiyo mashine inajifunza huruma huku mama akiipoteza. Wakiwa wamejificha jangwani karibu na mpaka wa Mexico, Sarah anamtazama Arnold akicheza na mwanawe, na anawaza kwamba kati ya wanaume wote waliopita maishani mwa mtoto huyu, hiki chuma ndicho pekee ambacho hakitamkimbia, hakitalewa na kumpiga, hakitasema kina shughuli. Ni wazo la kusikitisha sana kwa mama kuwa nalo. Baadaye anasinzia juu ya meza na kuota uwanja wa watoto ukiungua kwa mlipuko wa nyuklia. Akiamka, anachukua bunduki na kwenda peke yake kumuua mtu ambaye hajafanya kosa lolote bado.

Mtu huyo ni Miles Dyson, na hapa naomba tukae kidogo.

Dyson, aliyeigizwa na Joe Morton, ni mhandisi wa kampuni ya Cyberdyne. Ni mtu mweusi, msomi, mwenye mke na watoto, na kazi anaipenda mpaka anaifanya usiku nyumbani. Katika kampuni kuna chumba chenye ulinzi mkali, na ndani yake kuna mkono wa chuma na chipu iliyopondeka: mabaki ya muuaji wa filamu ya kwanza. Dyson anavichunguza vitu hivyo na kupata humo mawazo ambayo binadamu hajawahi kuyafikiria. Aliwahi kujiuliza vimetoka wapi. Wakubwa wakamwambia asiulize. Akaacha kuuliza.

Nadhani hakuna mtu katika filamu hii anayefanana nasi kuliko Dyson. Hatuna misuli ya Arnold, wala hatujui siku ya mwisho wa dunia kama Sarah. Tuna kazi, tuna mshahara, tuna watoto wanaotaka kucheza nasi tukirudi, na tuna swali moja mahali fulani kazini ambalo tuliambiwa tuliache. Dyson si mwovu. Hata choyo hana. Anaamini kazi yake itawasaidia watu.

Sarah anamlenga kutoka gizani. Kijidoa chekundu cha bunduki kinapanda mgongoni mwake hadi kisogoni, na mtoto wake wa kiume anaendesha kigari cha kuchezea kinachomgonga baba mguuni. Dyson anainama kukitazama, na risasi inapita palipokuwa na kichwa. Kisha Sarah anaingia ndani, anamkuta ameanguka, anamwekea bastola. Mtoto anajitupa juu ya baba yake na kumsihi Sarah asimuue. Sarah ana kila sababu. Watu bilioni tatu watakufa, yeye anajua, na aliyelala sakafuni ndiye atakayekitengeneza kitakachowaua. Kwa hesabu za Skynet, kufyatua ni jambo lisilo na mjadala. Hawezi. Anarudi nyuma, anateleza ukutani, anakaa chini na kulia, na John akifika ndipo kwa mara ya kwanza anamwambia anampenda.

Kisha Arnold anachukua kisu, anajichana ngozi ya mkono mbele ya Dyson na kuivua kama glovu. Dyson anautazama ule mkono wa chuma akiwa ameubeba moyo mdomoni, maana anaujua. Ameushika kazini miaka kadhaa. Wanamsimulia kila kitu. Analalamika kwamba anahukumiwa kwa mambo ambayo hajayafanya, na kwa kweli ana haki ya kulalamika. Lakini hamalizii hapo. Anasema basi kazi yote iharibiwe, ya ofisini na ya nyumbani, na usiku huohuo anawapeleka kwenye maabara yake mwenyewe kuilipua. Polisi wanampiga risasi. Akiwa anakata roho anashikilia kitu kizito juu ya kitufe cha mabomu, anahema kwa shida, na anawapa askari muda wa kukimbia kabla mkono haujamlegea. Hata anayekufa anachunga wasife wengine.

Nina jambo linaloniuma katika hilo. Hollywood ya mwaka 1991 haikuwa na tabia ya kumpa mtu mweusi nafasi ya mwanasayansi bora wa hadithi, na ilipompa, ilimuua kabla filamu haijaisha. Joe Morton alimpa Dyson heshima kubwa kuliko dakika alizopewa. Ningependa kumwona akibaki hai, asimame mbele ya bodi ya kampuni na aulizwe kwa nini ameiteketeza kazi yake. Hiyo ingekuwa filamu nyingine, na ningeilipia tiketi.

Sasa tuitoke sinema. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, luteni kanali wa Kisovyeti aitwaye Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha Serpukhov-15, kusini mwa Moscow. Kazi yake ilikuwa kusimamia mfumo wa setilaiti uliochunga makombora ya Marekani. King'ora kikalia. Kompyuta ikaonyesha kombora moja limerushwa, halafu manne zaidi, na ikasema ina uhakika. Petrov alijiuliza: nani aanzishe vita vya nyuklia kwa makombora matano? Akawaambia wakubwa wake kwamba ni hitilafu. Baadaye ilifahamika kuwa setilaiti zilikuwa zimehadaiwa na mwanga wa jua uliogonga mawingu ya juu sana. Filamu ya kwanza ya Terminator ilitoka mwaka mmoja na mwezi mmoja baada ya usiku huo, na wakati huo dunia haikuwa imesikia habari za Petrov.

Linganisha na usiku ambao Arnold anausimulia garini. Kompyuta zilizotokana na kazi ya Dyson zinafungwa kwenye ndege za kivita, nazo ndege zinaruka bila rubani, hazikosei hata mara moja. Kwa kuwa hazikosei, bunge linapitisha fedha za Skynet, na binadamu wanaondolewa kwenye maamuzi ya ulinzi. Mfumo unaanza kazi tarehe 4 Agosti. Tarehe 29, saa nane na dakika kumi na nne usiku, unajitambua. Waendeshaji wanaingiwa na hofu, wanajaribu kuuzima, nao unarusha makombora kuelekea Urusi ukijua Urusi itajibu na kuwaangamiza adui zake wa nyumbani. John anauliza: kwani hao Warusi si marafiki zetu siku hizi? Zingatia mpangilio wa matukio. Skynet haikunyakua madaraka. Ilipewa, kihalali, na watu wenye nia njema, kwa sababu ilikuwa imefanya kazi vizuri. Kwenye kiti alichokalia Petrov, wao walikuwa wamemwondoa mtu.

Leo mazungumzo haya yamefika kwetu. Ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Libya, iliyotolewa 2021, ilieleza kwamba katika mapigano ya 2020 zilitumika silaha za kuruka bila rubani, zikiwemo za aina ya Kargu-2 zilizotengenezwa Uturuki, ambazo zilipangwa kushambulia shabaha bila kuhitaji mawasiliano na mwendeshaji wake. Libya ni Afrika hii hii. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha zinazojiamulia zenyewe. Nchi 152 ziliunga mkono, nne zikapinga, 11 hazikuegemea upande wowote. Katibu Mkuu António Guterres alitaka ifikapo 2026 uwepo mkataba wa kupiga marufuku silaha zinazofanya kazi hiyo bila usimamizi wa binadamu. Wanadiplomasia wamekuwa wakikutana Geneva kwa zaidi ya miaka kumi juu ya jambo ambalo John alilimaliza kwenye maegesho ya magari kwa sentensi mbili.

Na kuna upande mwingine unaotuhusu kwa karibu zaidi. Januari 2023 jarida la Time liliandika habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi machafu kupita kiasi, ya mauaji, mateso na udhalilishaji wa watoto, wayawekee alama moja baada ya jingine, ili ChatGPT ijifunze kutoyatoa. Watu wanaogopa akili mnemba itakayojifunza yenyewe ikatugeuka. Mimi nilipoisoma habari ile nilimfikiria John. Vijana wale walifanya kazi aliyoifanya yeye: kuiambia mashine hili hapana, na hili hapana, na hili pia hapana, maelfu ya mara. Baadhi yao walieleza jinsi maandishi yale yalivyowasumbua akilini baada ya kazi. Mashine ikijua adabu leo, imeifundishwa na mtu, na inafaa tujue mtu huyo ni nani na alilipwa nini.

Filamu yenyewe haikosi kasoro, na iliyo kubwa ni kwamba inakemea silaha huku ikizitamani. Kamera inalipapasa ghala la bunduki la Sarah jangwani kwa mapenzi. Anayesema usiue anatuonyesha kwa saa mbili na zaidi jinsi bunduki inavyopendeza mkononi mwa mtu hodari. Nimewaona watoto wakitoka kuitazama wakiigiza Arnold anavyoizungusha shotigani juu ya pikipiki, na sijamwona hata mmoja akiigiza Arnold anayehesabu sifuri. Siwezi kuwalaumu watoto. Mwongozaji ndiye aliyechagua kipi kiangaze.

Kuhusu ufundi nitasema machache, maana umesifiwa mno na unastahili. Ilikuwa filamu ghali kuliko zote hadi siku hiyo, karibu dola milioni 100, na iliingiza zaidi ya milioni 500. Ilitwaa tuzo nne za Oscar. Wengi hudhani T-1000 yote ni kompyuta. Picha za kompyuta, zilizotengenezwa na kampuni ya Industrial Light & Magic chini ya Dennis Muren, zinafika dakika tano hivi kwa jumla. Mengine ni mikono ya Stan Winston na mafundi wake: vinyago, vichwa vilivyopasuka, matundu ya risasi yaliyofichwa chini ya shati na kuchanua kwa kurushiwa ishara. Na mahali ambapo mtu mmoja anaonekana mara mbili, Cameron alitafuta mapacha. Mlinzi wa hospitali anayeuawa na pacha wake wa chuma ni ndugu wawili wa kweli, Don na Dan Stanton. Linda Hamilton naye ana pacha, Leslie, aliyesimama badala yake palipohitajika Sarah wawili.

Zilifuata filamu nyingine nne, za 2003, 2009, 2015 na 2019. Zina matukio mazuri hapa na pale, lakini kila moja ililazimika kutamka kwamba kazi ya Dyson na Sarah haikuzuia kitu, vita vilikuja vilevile ila kwa tarehe au jina jingine. Sizikubali. Uzito wa filamu ya 1991 ni kwamba watu wanne, mmoja wao mashine, waliibadilisha kesho kwa kuacha kufanya jambo fulani. Cameron alipiga hata mwisho mwingine, wa Sarah akiwa bibi kizee bustanini na John akiwa seneta, dunia imesalimika. Akauondoa, akaweka barabara usiku na sauti ya Sarah asiyejua kilicho mbele. Alifanya vyema. Na waliokaa kwenye vibanda wakiamini stelingi hafi walimwona Arnold akiomba ashushwe kwenye chuma kilichoyeyuka, kwa kuwa chipu ya kichwani mwake ndiyo ya mwisho iliyobaki, na yeye amezuiwa kujiua mwenyewe. Sarah ndiye anayebonyeza kitufe. Hata hapo uamuzi wamepewa binadamu.

Basi nina ombi kwa atakayeitafuta. Zipo nakala mbili, ya sinema na nyingine iliyotoka baadaye, inayozidi ile ya kwanza kwa robo saa hivi. Tafuta ndefu. Ndani yake kuna tukio ambalo wa sinema hawakuliona. Arnold anaeleza kwamba Skynet inapowatuma peke yao huzima uwezo wao wa kujifunza, maana haitaki wafikiri kupita kiasi. Wanamkalisha mbele ya kioo, wanampasua kichwa, wanaitoa chipu, naye anazimika. Sarah anaishika mkononi, anaiweka mezani na kunyanyua nyundo. Anasema hii ndiyo nafasi yao, na kwa alichokipitia yuko sahihi. John anaikinga chipu kwa kiganja chake. Anamwambia mama yake kwamba wanaihitaji mashine hii, na kwamba ikiwa siku moja atakuja kuongoza watu, nani atamsikiliza kama mama yake mwenyewe hamsikilizi? Wanabishana kwa muda, mtoto na mama, juu ya meza. Ukikosa tukio hilo utadhani Arnold alijifunza kwa kuwa ndivyo alivyoundwa. Ukiliona utajua kwamba kuna mtu aliyeitetea ile chipu, na nusura ashindwe.